Hesabu bidoni mbele ya kununua akwariumu

Mutu akitaka kuweka akwariumu mu saloni, tunajua ginsi anaanza. Anaangalia kona yenye iko wazi kati ya televizio na kabati, anapima kwa mukono, kiisha anaenda kwa fundi wa vioo: "Unitengenezee yenye inaingia hapa." Samaki wanafuata nyuma. Maji yanafuata nyuma tena. Sisi tunasema njia hiyo ni ya kinyume, na wenye kuilipa ni samaki.

Tunaongea hapa juu ya samaki wa ziwa Tanganyika, maana njo wetu. Kuna wasomaji wenye wanaona ku televizio akwariumu za bahari, na matumbawe ya kila rangi, wanatuuliza juu ya nini tusianze na zile. Hesabu ya chumvi peke yake inajibu. Maji ya bahari yanabeba gramu karibu 35 za chumvi mu kila litre. Akwariumu ya litre 300 inaomba zaidi ya kilo 10 siku ya kwanza, na kila mara unapobadilisha litre 100, kilo tatu na nusu zingine. Tena si chumvi ya jikoni. Ni chumvi ya kutengenezwa kwa kazi hiyo, na hapa Lubumbashi itabidi itoke mbali, kwa ndege ao kwa lori. Ongeza taa kali, ongeza pompi zenye hazilale usiku wala mchana. Na matumbawe si mawe, ni wanyama. Umeme ukikatika siku mbili yanaanza kuoza mbele ya macho yako. Wakati huo, ku Moba na ku Kalemie, majabali ya pembeni ya ziwa yamejaa samaki wa rangi nzuri sawa hao wa bahari, na maji yao hayaombi kununuliwa chumvi ya ndege.

Ziwa lenyewe tunalijua kwa jina kuliko kwa macho. Kina chake kinafika metre 1,470. Nchi inne zinaligawana, na Kongo njo iko na sehemu kubwa, karibu asilimia 45. Mu maji yake wanaishi aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mumoja wenye wataalamu wanauita siklidi, na karibu wote hawapatikani fasi ingine duniani. Sisi tunajua ndakala na mikebuka, maana wanaingia mu sufuria. Wale wa mu mawe wanajulikana zaidi Ulaya. Mubelgi mumoja, Pierre Brichard, alianza kuwasafirisha kutoka Bujumbura mu miaka ya 1970, na toka pale wazungu wanawafuga mu saloni zao, wanaandika vitabu, wanabishana juu ya mistari na rangi. Frontosa wa bluu wa upande wetu, mpaka leo wanamuita "Zaire" ao "Moba". Nchi ilibadilisha jina mu 1997. Samaki hakuna mutu alimujulisha.

Basi, ni vizuri na sisi tuwafuge. Lakini tuwafuge namna gani?

Ziwa Tanganyika ni kitu chenye hakibadilike haraka. Maji ya juu yanakaa kati ya digri 24 na 27 mwaka muzima. Tena yako na madini mingi: kipimo cha pH, chenye kinaonyesha kama maji ni makali ao ya chumvichumvi, kinafika karibu 9. Samaki wa mule wamezoea utulivu huo tangu mababu ya mababu. Akwariumu ndogo, hiyo ni kinyume cha utulivu. Jua likiingia ku dirisha, maji yanapanda. Usiku wa mwezi wa saba, yanashuka. Mutoto akimwaga chakula kipimo cha mara tatu, yanachafuka.

Hapo kwenye kuchafuka kuna jambo wauzaji hawasemi, na ni lenye tunataka kulikazia. Samaki akinya, chakula kikioza, inatoka amonia. Amonia iko na sura mbili mu maji: moja haina ukali mwingi, ingine ni sumu yenye kuchoma matamvua. Ni pH njo inaamua sura gani inashinda. Mu maji ya pH 7, sura ya sumu haifike hata asilimia moja. Mu maji ya pH 9, yenye samaki wetu wanapenda, inapita theluthi moja. Maana yake: uchafu uleule wenye samaki wa mutoni angevumilia siku mbili, samaki wa Tanganyika unamuua usiku mumoja. Wenye wanasema "samaki huyu ni munyonge" wanamusingizia. Samaki si munyonge, maji njo hayakuwa na nafasi ya kusamehe. Na nafasi ya kusamehe inapimwa kwa litre. Samaki mumoja akifia nyuma ya jiwe mu kisanduku cha litre 54, wengine wako mu hatari mbele ya asubuhi. Akifia mu litre 300, una siku nzima ya kumutafuta.

Juu ya hii, kale kasanduku ka santimetre 60 kwa 30 kwa 30, kenye fundi anapenda kutengeneza maana kioo kinabaki kidogo, sisi hatukapendi. Wengi wanakanunua eti "nitaanza na kidogo, nitaongeza." Kumbe kidogo njo kigumu. Mwenye kujua kazi anaweza kukafuga. Mwenye kuanza atahesabu maiti. Tena bei haitofautiani sawa watu wanavyofikiri. Kasanduku kale kanakula kioo cha metre za mraba 0.72. Chukua 80 kwa 40 kwa 40: kioo ni metre za mraba 1.28, haifike mara mbili, lakini litre zinatoka 54 mpaka 128, zaidi ya mara mbili. Kweli, utaomba kioo kinene zaidi kidogo. Hata vile unapata maji mingi kwa franka yako.

Sasa samaki wenyewe. Wanauzwa wote wakiwa wadogo, wa vidole viwili, na hapo njo udanganyifu unaanzia.

Kuna wale wadogo kabisa, wenye wanalala mu maganda ya konokono. Jina la kitabu ni Neolamprologus multifasciatus. Hata akizeeka hapiti santimetre tano. Ziwani, maganda yamelala chini maelfu kwa maelfu, na kila familia iko na yake. Wanachimba muchanga usiku na mchana, wanapigania mupaka wa parseli sawa sisi. Hao njo tunapendekeza kwa mwenye anaanza, mu ile ya litre 128, na maganda matatu kwa kila samaki mumoja. Ni akwariumu ya mushahara mudogo, na kwa kuiangalia haichoshe.

Brichardi (Max Poll alimupa jina hilo mu 1974, kwa heshima ya yule Mubelgi) naye anafaa litre 128 kwa kuanza, lakini mujue tabia yake. Unanunua bwana na bibi. Nyuma ya miezi, kuna watoto. Nyuma ya miezi ingine, watoto wakubwa wanalinda wadogo zao, wakati mama anazaa tena. Ni jambo zuri sana kuona, watoto wa shule wangepaswa kuliona. Lakini familia inajaza nyumba, na samaki wengine wote wenye uliweka mule watasukumwa ku kona mpaka wafe. Kwa huyu, usipime wawili wenye umenunua. Pima ukoo.

Tropheus ni hesabu ingine. Huyo anakula majani madogo yenye yanaota juu ya mawe, anatembea siku nzima, na ni mugomvi. Ukiweka watano, mumoja mukubwa atawaua wanne. Ukiweka 20, hasira inagawanyika, hakuna mwenye anapigwa peke yake. Kwa hiyo lazima wawe wengi, na wakiwa wengi lazima nyumba iwe ndefu: santimetre 150 kwa 50 kwa 50, hakuna chini ya pale. Mutu mwenye anaweka Tropheus watatu mu kisanduku cha saloni "kwa kujaribu" hajaribu kitu, anawapiganisha tu.

Frontosa, yule wa bluu mwenye kipaji, anauzwa wa santimetre tano na anafika 30 na zaidi. Anaweza kuishi miaka 20. Wapenzi wa Ulaya wanamupa sanduku la metre mbili. Sisi tunasema wazi: kwa nyumba nyingi za hapa, tumuache ziwani. Na kuhe, yule mukubwa wa ukoo wao wote, mwenye anakaribia metre moja, nafasi yake ni sahani, tena na ndimu.

Umbo nalo linahesabika. Siku hizi watu wanapenda akwariumu ya kusimama, sawa nguzo, ao ya duara, juu ya urembo. Angalia: 150 kwa 50 kwa 50 inafanya litre 375. Ukiisimamisha, 50 kwa 50 na urefu wa 150, ni litre 375 zilezile. Lakini ya kwanza iko na uso wa maji wa santimetre za mraba 7,500, ya pili 2,500 tu. Hewa ya samaki inaingia kwa ule uso. Pompi ikizimika, nguzo inabaki na theluthi ya mulango wa kupumulia. Tena samaki wa mawe hapandi na kushuka sawa mutu mu lifti. Anatembea kando ya jabali. Unamupa urefu, si kimo.

Na ile 375, mutu asidanganyike, si 375. Maji hayafike ukingoni: acha santimetre tano juu, umeondoa litre 37. Weka kilo 80 za mawe, yanasukuma karibu litre 30. Umebaki na kama litre 308. Dawa ikihitajika, pima ku 308, hapana 375, la sivyo utawapa zaidi. Uzito nao: maji, mawe, muchanga na kioo cha milimetre 10, unakaribia nusu tani juu ya meza isiyofika metre moja ya mraba. Ku nyumba ya chini yenye sima nzuri hakuna shida. Ku etaji, muulize mujenzi kwanza. Na meza, asiitengeneze yule wa viti vya plastiki.

Mpaka hapa tumesema: kubwa ni bora kuliko ndogo. Vitabu vya wazungu vinaishia pale. Sisi hatuwezi kuishia pale, maana wao wanafungua robine na sisi tunabeba bidoni.

Maji ya akwariumu yanabadilishwa kila wiki, kama theluthi moja. Hakuna filtre yenye inaondoa kazi hiyo. Ku litre 128, ni bidoni mbili za litre 20. Ku 308, ni bidoni tano. Ku 720, ile ya metre mbili kwa 60 kwa 60, ni bidoni 12, kila wiki, mwaka muzima, na nyingine 12 za kutoa nje. Jiulize: mu wiki yenye robine imekauka na foulard ya mama iko njiani kwa foraji ya jirani, nani atapanga musitari kwa ajili ya samaki? Mukijibu "mutoto wa kazi", mumejibu vibaya. Mutoto huyo anabebea tayari watu wanane maji ya kuoga. Tunasema hivi: kipimo cha juu cha akwariumu yako ni zile bidoni zenye wewe mwenyewe, mwenye kuitaka, unaweza kubeba siku ya posho bila kununa. Kama ni mbili, basi ni litre 128. Kama ni tano, chukua ya metre moja na nusu. Kama hakuna, nunua picha.

Kiisha umeme. Delestaji haiui samaki kwa giza, inawaua kwa kukosa hewa na kwa baridi. Hapa ukubwa unasaidia kweli. Ile ya litre 54 iko na santimetre za mraba 167 za ngozi ya nje kwa kila litre. Ile ya 375 iko na 93. Joto linatokea ku ngozi. Usiku wa mwezi wa sita ao wa saba, wakati Lubumbashi inashuka chini ya digri 10, kasanduku kadogo kanapoa mbio karibu mara mbili ya kakubwa, na rezistansi imezimika. Funika kioo chote kwa blanketi nzito, usiwape chakula, weka pompi ndogo ya hewa yenye inatumia batri. Kubwa itakupeleka mpaka asubuhi. Ndogo haikuahidi kitu. Filtre ya kufungwa, ile ya chini ya meza, ikilala masaa mingi, usiiwashe tu umeme ukirudi: bakteria zimekufa mule na zitamwaga uchafu wote kwa samaki. Fungua, osha, kiisha washa. Kwa hali yetu, filtre ya sponji yenye inasukumwa na hewa ni nzuri kuliko zile za bei kali.

Lakini kuna ukubwa wenye unageuka majivuno. Tumeona hapa mujini, mu hoteli moja, akwariumu ndefu kuliko kaunta. Mwaka wa kwanza wageni walipiga picha. Leo iko kavu, wameweka mule maua ya plastiki. Hatujui walikufia mule samaki wangapi, lakini tunajua ginsi ilianza: waliulizana itavutia wageni wangapi, hawakuulizana nani atashika ndoo siku ya yenga.

Watatuambia: samaki ni samaki, ziwa ni kubwa, wako mingi. Hapana. Samaki wa mawe hawatembei ziwa lote. Rangi fulani ya Tropheus inaishi ku kipande kimoja cha majabali tu, hapo muchanga unaanza hapo yeye anaishia, na upande ule mwingine wa ghuba kuna wa rangi ingine. Tena hazai sawa ndakala. Jike wa Tropheus anaweka mu kinywa mayai kumi hivi, anayabeba karibu wiki inne. Saloni moja ikipoteza samaki 20 usiku mumoja wa delestaji, na mwenyewe akaagiza wengine 20, ni jabali la Moba njo linalipa. Wavuvi wa pale wanachukua hukohuko, kwa mikono na kwa nyavu ndogo, maana kule njo mahali mutu anafika kwa urahisi.

Kwa hiyo tuko na ombi kwa wauzaji. Ku ndoo, ku mufuko, ku kioo cha duka, waandike namba mbili: samaki huyu atafikia santimetre ngapi, na anaomba urefu wa santimetre ngapi. Haiombi mashine wala ruhusa ya mutu. Kalamu inatosha. Mwenye anauza frontosa wa vidole viwili kwa mama mwenye akwariumu ya litre 54, na hasemi neno, anajua chenye anafanya.

Na kwa mwenye amekwisha kuchagua: sanduku likifika, jaza maji, weka mawe (ya chokaa yanasaidia kushika pH), weka muchanga, washa filtre na tia chakula kidogo sana kila siku, sawa vile samaki wako mule. Ngoja wiki inne mpaka sita, bakteria zenye kula amonia ziote. Mu wiki hizo, beba bidoni zako kila siku ya posho, hata samaki hawajafika. Ukiona wiki ya tatu umechoka, uza kioo ungali mbele.